Ahadi Iliyoandikwa kwa Penseli

Miaka sita iliyopita nilinunua picha yangu ya kwanza ya ukutani ambayo haikuwa kalenda wala picha ya familia. Ilionyesha jahazi lililotia nanga maji yakiwa yamekupwa, tanga limekunjwa, na watu wawili wakiteremsha boriti za mikoko huku maji yakiwafika magotini. Chini ya picha, kwenye ukingo mweupe wa karatasi, palikuwa na sahihi ya mchoraji kwa penseli, na upande wa kushoto tarakimu hizi: 14/100. Muuzaji alinieleza kwamba mchoro wenyewe wa rangi ya mafuta ulikwisha kununuliwa, lakini mchoraji alikubali zitolewe nakala 100 tu, kila moja ameitia sahihi kwa mkono wake, na zikiisha hazitachapwa tena. Nililipa shilingi 180,000, fedha ambazo kwangu zilikuwa nyingi, nikaibeba nyumbani imeviringishwa ndani ya bomba la karatasi ngumu kama mtu aliyebeba mtoto.

Mwaka uliofuata nilikwenda Unguja kikazi. Nilipoingia kwenye hoteli niliyopangiwa, jahazi langu lilikuwa limetundikwa nyuma ya dawati la mapokezi. Lilikuwa kubwa kuliko langu, karibu mara mbili, na chini yake palikuwa na sahihi ileile na tarakimu 14/150. Nilisimama na begi mkononi nikazisoma tarakimu zile mara mbili, kisha nikampigia simu muuzaji wangu. Alinijibu kwa upole kabisa kwamba lile ni toleo la ukubwa mwingine, lina hesabu yake, na kwamba kulikuwa na la tatu, dogo, ambalo alikuwa karibu kulimaliza. Hakunidanganya hata kwa neno moja. Kila alichosema siku ile dukani kilikuwa kweli kwa karatasi ya sentimita 40 kwa 60. Mimi ndiye niliyesikia "nakala 100" nikaelewa kwamba duniani kote picha ile itakuwa kwenye kuta 100, basi.

Uchungu wa siku ile ndio ulionifundisha. Nimeendelea kununua, chapa moja kwa mwaka, mara chache mbili, na nimefikia kuamini kwamba anayenunua chapa ya toleo lenye ukomo hununua vitu viwili kwa mkupuo mmoja. Cha kwanza ni karatasi yenye picha. Cha pili ni ahadi kwamba karatasi za namna hiyo hazitazidi idadi fulani. Karatasi unaiona kwa macho, unaipenda au huipendi, na huhitaji mtu wa kukufundisha. Ahadi huioni, nayo ndiyo iliyoipandisha bei kutoka ile ya bango la kawaida hadi ile uliyoambiwa. Kwa hiyo maswali yanayofaa kuulizwa dukani, karibu yote, yanahusu ahadi: nani ameitoa, imeandikwa wapi, na ni kitu gani kinachomzuia aliyeitoa asiivunje.

Kabla ya kufika huko ni lazima kutenganisha mambo mawili ambayo madukani kwetu yote huitwa printi. Kuna picha iliyozaliwa ikiwa chapa, yaani msanii alichonga ubao, akakata linoliamu, ile nyenzo ya kutandika sakafuni, au akakwaruza bamba la shaba kwa nia ya kuchapa kutokana nalo, na hakuna "mchoro wa asili" mahali pengine popote. Kila karatasi iliyotoka kwenye bamba lile ni kazi ya asili. Halafu kuna nakala ya mchoro: msanii alichora kwa rangi ya mafuta au ya maji, mchoro ukapigwa picha au ukaskaniwa, na faili ikatumwa kwenye printa. Jahazi langu ni la aina hii ya pili. Hata watoza kodi wanajua tofauti hii. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, ambao forodha za Jumuiya ya Afrika Mashariki nazo zinautumia, chapa za asili zina kifungu chao, 97.02, na maelezo yake yanadai ziwe zimechapwa moja kwa moja kutoka bamba moja au zaidi yaliyotengenezwa yote kwa mkono na msanii, bila kuhusisha njia ya mashine wala ya kipigapicha. Nakala za printa haziingii humo, hata zikiwa na sahihi. Zinawekwa pamoja na picha nyingine zilizochapwa, kwenye sura ya 49.

Mimi sikuijua tofauti hiyo kwa kusoma. Niliijua kwa lenzi ya fundi saa mmoja wa Kariakoo, mzee mvumilivu ambaye aliniazima ile wanayoibana jichoni, nikaenda nayo nyumbani siku ya Jumapili. Nilipoinama juu ya jahazi langu, jahazi lilitoweka. Palibaki ukungu wa vidoto, vya samawati, vya waridi, vya manjano, vyeusi, vimetawanyika kama vumbi lililopulizwa, na hata mstari wa mlingoti, ambao kwa macho matupu ulikuwa umenyooka kama uzi, ulikuwa ni vidoto vilivyokaribiana zaidi kuliko vingine. Sahihi peke yake ndiyo iliyobaki kuwa mstari, unang'aa kijivu, umeacha mtaro mwembamba kwenye karatasi pale penseli ilipobonyeza. Wiki ile ile niliipeleka lenzi kwenye chapa ya bamba la shaba niliyoonyeshwa na mtu mwingine, na hapo hapakuwa na vidoto hata kimoja. Wino ulikuwa umekaa juu ya karatasi kama uzi uliodariziwa kwenye kofia, una mgongo, unaweza karibu kuuhisi kwa ncha ya kidole. Kuizunguka picha yote palikuwa na mbonyeo wa mstatili, mahali ambapo ukingo wa bamba uliididimiza karatasi mbichi chini ya mtambo.

Mtu huyo ni mzee aliyejifunza kazi hii katika miaka ya 1970 pale Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam. Wasomaji vijana huenda hawaikumbuki. Ilianzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt, mtawa wa shirika la Maryknoll, na kwa miaka mingi ilikuwa mahali ambapo vijana wengi wasiokuwa na ada ya chuo walijifunza kuchora, kuchonga, kutengeneza batiki na kuchapa kwa mabamba. George Lilanga, msanii mzaliwa wa Masasi aliyefariki mwaka 2005, alianzia uchoraji pale, na mashetani wake wachangamfu walipita kwenye ngozi za mbuzi na kwenye mabamba ya kuchapia kabla ya kujulikana ng'ambo kwa michoro ya rangi. Nasema haya kwa sababu nimesikia watu wakidai kwamba chapa za sanaa ni mambo ya Wazungu yaliyoletwa juzi na intaneti. Mjini kwetu kazi hii ina zaidi ya miaka 50.

Nilipomtembelea yule mzee wa chapa mara ya kwanza nilimkuta ameinama juu ya meza, kiganja cheusi kwa wino.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Usiguse kitu kwanza. Tazama."

Nikatazama. Alikuwa amekwisha kupaka bamba nta nyeusi siku iliyotangulia, akachora juu ya nta kwa sindano, akalizamisha kwenye tindikali ili ile ile mistari aliyoifunua iliwe na kuwa mitaro. Sasa nta ilikuwa imesafishwa, na alikuwa akisukuma wino ndani ya mitaro kwa kipande cha ngozi, kisha akaufuta juu ya bamba kwa kitambaa chenye matundu kama chandarua, akazungusha, akazungusha, hadi shaba ikang'aa tena na wino ukabaki kwenye mitaro peke yake. Mwisho alipitisha ukingo wa kiganja mara moja, kwa wepesi, kama mtu anayepangusa vumbi kwenye msahafu. Karatasi ilikuwa imelowekwa usiku kucha ili iwe laini na iingie mitaroni kuufuata wino. Aliilaza juu ya bamba, akafunika kwa blanketi za sufu, akazungusha gurudumu la mtambo kwa mikono miwili. Bamba moja, chapa moja, kwa muda wa nusu saa hivi. Chapa inayofuata huanza upya kwa kupaka wino.

Nilimweleza habari ya jahazi langu na 14 mbili. Hakucheka. Aliniuliza swali ambalo limekuwa ufunguo wangu tangu hapo: "Kitu gani kilikuwa kinamzuia asichape zaidi?"

Kuna vizuizi vya namna tatu, na kila kimoja kina uzito wake. Kizuizi cha kwanza ni maumbile ya kitu chenyewe. Bamba la shaba huchakaa, hasa likikwaruzwa kwa sindano kavu bila tindikali, kwa sababu mkwaruzo huinua kingo ndogo za shaba ambazo hushika wino na kutoa mstari laini kama mahameli, nazo hulala chini kila mtambo unapopita, hadi baada ya chapa chache, pengine makumi kadhaa, mahameli yametoweka. Ubao huweza kufa kabisa. Ipo mbinu ambayo Picasso aliipenda kwenye linoliamu mwishoni mwa miaka ya 1950, na ambayo hapa kwetu Fred Mutebi wa Uganda ameifanyia kazi kwa ubao kwa miaka mingi: msanii huchonga kidogo, huchapa rangi ya kwanza kwenye karatasi zote, huchonga tena ubao uleule, huchapa rangi ya pili juu ya ya kwanza, na kuendelea hivyo hadi rangi ya mwisho. Anapomaliza, sehemu kubwa ya ubao imekwisha kuliwa na patasi. Akitaka kuongeza hata nakala moja hawezi hata akiahidiwa mali ya Karuni, maana rangi ya kwanza haina tena mahali pa kutokea. Chapa ya namna hii ndiyo ninayoiamini kuliko zote, na kama una fedha za chapa moja tu maishani, shauri langu ni hili.

Kizuizi cha pili ni tendo. Msanii akimaliza idadi aliyoitangaza, hulikwaruza bamba kwa mistari miwili kutoka pembe hadi pembe, au hulitoboa, ili lisiweze kuchapa tena bila aibu kuonekana. Jambo hili halikufanywa zamani, na matokeo yake yanajulikana. Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, alifariki mwaka 1669, lakini mabamba yake yalinunuliwa, yakauzwa, yakachapwa tena na tena na watu ambao hakuwahi kuwajua. Bamba la picha yake mashuhuri ya Kristo akiponya wagonjwa, ile inayoitwa Chapa ya Gilda Mia (gilda ni fedha ya Kiholanzi ya zamani), liliangukia katika miaka ya 1770 mikononi mwa kapteni mmoja, William Baillie, ambaye alilichora upya pale lilipochakaa, akachapa toleo lake, kisha akalikata vipande vinne na kuendelea kuchapa vipande. Anayenunua "Rembrandt" leo bila kuuliza imechapwa lini anaweza kuwa amenunua kazi ya kapteni. Desturi ya kuandika idadi na kutia sahihi kwa penseli ilishika mizizi mwishoni mwa karne ya 19 kwa sababu wanunuzi walichoka na mambo kama hayo.

Kizuizi cha tatu ni neno la mtu. Hapo ndipo jahazi langu lilipo, na hapo ndipo zilipo karibu nakala zote zinazouzwa leo kwa jina la toleo lenye ukomo. Faili haichakai. Haikwaruziki. Inaweza kunakiliwa kwa sekunde moja na kuwekwa kwenye kompyuta kumi, na chapa yake ya elfu itakuwa nzuri sawasawa na ya kwanza. Kinachofanya ziwe 100 badala ya 1,000 ni kwamba mtu fulani amesema zitakuwa 100.

Sisemi haya ili kuwakimbiza watu. Nakala nzuri ya printa ni kitu cha heshima, na wasanii ninaowajua wanaishi kwayo, kwa sababu mchoro mmoja wa rangi huuzwa mara moja na huenda ulichukua miezi miwili, wakati nakala 50 za bei ya wastani zinaweza kulipa kodi ya karakana kwa mwaka. Mbinu yenyewe ilikua kwa namna ya kuvutia. Graham Nash, mwanamuziki, alifungua karakana ya uchapaji huko California, ikaanza kutumia printa kubwa iliyotengenezwa kwa ajili ya majaribio ya viwanda vya uchapishaji, na mwaka 1991 fundi wake Jack Duganne akatafuta jina litakaloondoa harufu ya kompyuta. Akachukua neno la Kifaransa lenye maana ya kurusha maji kwa kasi, akapata giclée, na jina hilo ndilo utakalokutana nalo kwenye vyeti. Wino wa printa zile za kwanza ulififia baada ya miaka michache, na sifa mbaya hiyo ikabaki muda mrefu. Leo wino mzuri umetengenezwa kwa chembe za rangi badala ya rangi ya kuyeyuka, na karatasi nzuri ni ya pamba isiyo na asidi, ya uzito wa gramu 300 hivi kwa mita ya mraba, kama ile ya kampuni ya Kijerumani Hahnemühle, ambayo imekuwa ikitengeneza karatasi tangu mwaka 1584. Ukiambiwa "karatasi ya picha" au "kanvasi" bila jina, na muuzaji hajui wino ni wa aina gani, unauziwa bango. Bango si dhambi, ila lilipiwe bei ya bango.

Hapa Dar es Salaam tuna tabia nyingine tofauti kabisa, na huwa naifikiria sana. Kwenye karakana za Tingatinga pale Morogoro Stores, Oysterbay, utaona mchoro mmoja wa twiga au wa shetani ukichorwa mara nyingi, na watu tofauti, tangu Edward Saidi Tingatinga alipofariki mwaka 1972 na kuwaachia wenzake na ndugu zake mtindo wake. Hakuna anayeandika 14/100. Lakini kila picha imechorwa kwa mkono, kwa rangi ya kung'aa, na ukiitazama kwa lenzi utaona njia ya brashi. Mtalii hulalamika kwamba ameona picha "yake" kwenye duka la pili. Kwangu malalamiko yake hayana msingi, kwa kuwa hakuna aliyemwahidi kitu. Mchoraji wa Tingatinga aliyerudia twiga wake mara 100 hajavunja neno, na mwenye faili aliyechapa nakala ya 101 amelivunja.

Turudi kwenye tarakimu. Nambari ya juu, au ya kushoto, ni ya karatasi uliyoshika, na ya chini ni jumla ya toleo. Watu hugombania nambari 1 wakidhani ndiyo iliyotoka kwanza, lakini karatasi huchanganywa zinapokaushwa na kutiwa sahihi, kwa hiyo mara nyingi nambari ndogo haina ubora wowote wa ziada. Isipokuwa kwa sindano kavu, ambako chapa za mwanzo kweli huwa na giza tamu zaidi, na kama msanii ameziandika kwa mfuatano wa kutoka mtamboni, chukua ya mwanzo. Nje ya hesabu hiyo zipo nakala za msanii mwenyewe, ambazo huandikwa A.P. au, kwa Kifaransa, E.A. Desturi inaruhusu hizi ziwe kama sehemu ya kumi ya toleo. Zipo pia za zawadi zisizokusudiwa kuuzwa, zenye herufi H.C., na ipo moja yenye B.A.T., ambayo ndiyo kipimo ambacho mchapaji hulinganisha nacho nyingine zote. Hakuna ubaya katika hizo zikitajwa. Toleo la 50 lenye A.P. 40 ni toleo la 90, na yafaa muuzaji aambiwe hivyo usoni.

Sahihi nayo haijitoshelezi. Mwaka 1974 maofisa wa forodha wa Ufaransa walisimamisha gari kwenye mpaka wa Andorra wakakuta karatasi tupu 40,000 zimekwisha kutiwa sahihi ya Salvador Dalí, mchoraji wa Hispania, zinasubiri tu picha. Tangu hapo wanaojua huinunua chapa ya Dalí ya miaka ile kwa hofu, hata sahihi ikiwa ya mkono wake kweli.

Kwa hiyo siku hizi, kabla sijatoa fedha, huomba niandikiwe. Sitaki cheti chenye mhuri wa dhahabu na maneno matamu. Nataka karatasi moja inayosema jina la msanii na la kazi, mbinu iliyotumika, karatasi na wino, mwaka wa kuchapwa, ukubwa wa picha, idadi ya toleo pamoja na nakala zote za pembeni, na sentensi moja ambayo ndiyo niliyoikosa mara ya kwanza: kwamba picha hii haitatolewa kwa ukubwa mwingine wala kwenye kitu kingine chochote, au kama itatolewa, itatolewa kwa ukubwa upi na kwa idadi gani. Naomba pia nijue nani anashika daftari la nambari, na bamba au faili litafanywa nini toleo likiisha. Muuzaji mwema hujibu kwa furaha, na mara nyingi hunipigia msanii mwenyewe simu tuongee. Anayekasirika amenijibu tayari. Nakumbuka pia kwamba kununua chapa hakunipi hakimiliki ya picha. Hiyo hubaki kwa msanii chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na siwezi kuichapa kwenye fulana za harusi ya mdogo wangu kwa sababu tu nimeilipia.

Kuhusu kununua kwa matumaini ya kuuza kwa faida sina mengi. Bei ya toleo hupanda kadiri nakala zinavyopungua, lakini kupata mnunuzi wa pili katika miji yetu ni kazi ngumu. Nunua unachotaka kukitazama.

Lipo jambo ambalo limeharibu chapa nyingi kuliko udanganyifu wote nilioutaja, nalo ni fremu na hewa ya pwani. Jahazi langu nililipeleka kwa fundi fremu wa mtaani, kijana mwenye mkono mzuri wa kukata mbao. Alilibandika lote kwa gundi juu ya hadubodi, akalaza kioo moja kwa moja juu ya picha, akakaza misumari. Lilinyooka kama kioo chenyewe, nikamshukuru. Baada ya masika mawili pakatokea madoa ya rangi ya chai kwenye ukingo mweupe, kisha koga ya kijivu pale karatasi iliposhikana na kioo, hasa kwenye tanga. Siwezi kulitoa bila kulichana.

Chapa haibandikwi. Inashikwa kwa vipande viwili vidogo vya karatasi nyembamba na imara ya Kijapani, juu tu, kwa uji wa wanga wa ngano unaoweza kulowekwa na kutoka, ili karatasi iweze kutanuka na kusinyaa misimu inapobadilika. Selotepu isiiguse kabisa. Mbele yake inawekwa kadi nene ya pamba iliyokatwa dirisha, na kazi ya kadi hiyo, mbali na urembo, ni kuitenga picha na kioo ili jasho la kioo lisiifikie. Nyuma inawekwa kadi nyingine isiyo na asidi kabla ya mbao zozote, kwa sababu hadubodi na plaiwudi hutoa asidi polepole na ndiyo iliyonipa madoa ya chai. Sahihi na nambari zisifunikwe. Kwenye nyumba za mawe za pwani, ambako ukuta hunyonya unyevu mwaka mzima, mimi hugundisha vipande vinne vya kizibo nyuma ya pembe za fremu ili hewa ipite kati yake na ukuta, na kila mwanzo wa masika naishusha kutazama kama kuna mchwa au wale wadudu wa fedha wanaopenda wanga. Jua la moja kwa moja ni adui hata wa wino bora. Makumbusho mengi huweka mwanga wa kazi za karatasi usizidi lux 50, yaani hafifu kuliko sebule nyingi za mchana, kwa hiyo chapa zangu zote ziko kwenye ujia usio na dirisha, na wageni nawaongoza huko baada ya chai.

Kwenye ujia huo ipo moja ya yule mzee, 9/30: wanawake watatu wakitafuta pweza mwambani, maji yamekupwa, khanga zimekunjwa hadi gotini, na wa tatu amenyoosha mchokoo ambao ncha yake imepotelea kwenye tundu la jiwe. Mwezi uliopita alinipigia simu akaniambia ya thelathini imepata mwenyewe, na kama napenda kuona, nije Jumamosi asubuhi.

Nilimkuta amelilaza bamba kwenye meza juu ya gazeti. Alichukua sindano ileile, akaweka rula, akavuta mstari kutoka pembe ya juu hadi ya chini, kwa nguvu, shaba ikilia. Kisha wa pili, ukakata wa kwanza karibu na bega la mwanamke wa kati. Alipaka wino, akafuta, akapangusa kwa kiganja, akachapa karatasi moja. Ilipotoka mtamboni, wanawake walikuwa palepale mwambani, na mistari miwili myeusi ilikuwa imepita juu yao kutoka upande hadi upande. Aliandika kwa penseli chini yake, "Bamba limefutwa", na tarehe, akaitia kwenye daftari lake kubwa kati ya kurasa zenye majina ya watu 30, na jina langu likiwa la tisa. Bamba lenyewe alilifuta wino kwa mafuta ya taa, akalitundika kwenye msumari juu ya mlango, pamoja na mengine.